Nyumba ya Kufia

Mimi ni fundi wa maandishi. Mabango ya bucha, majina ya vinyozi, onyo la kutokojoa ukutani: nusu ya maneno unayoyasoma ukipita Majengo, hapa Meru mjini, yametoka kwenye brashi yangu. Lakini kazi niliyoipenda kwa moyo wote, na ambayo mke wangu Mwanatatu ameiita upuuzi kwa miaka kumi na saba, ilikuwa kuvijengea vikaragosi vya Mwalimu Mithika mahali pa kuishi.

Mithika alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Timau. Kikundi chetu kilikuwa na watu watatu tu: yeye, Purity aliyekuwa mwanafunzi wake tangu darasa la nne, na mimi. Tulizunguka shuleni, barazani kwa chifu na kwenye viwanja vya makanisa. Wao wawili waliingia nyuma ya pazia jeusi na kuvaa vikaragosi mikononi. Mimi nilitengeneza kila kilichobaki: kuta, milango, miti, zahanati, duka, vyote kwa mbao nyembamba, katoni na nyavu za vitunguu. Mchezo ukianza, kazi yangu ilikuwa imekwisha. Nilikwenda kukaa nyuma ya watazamaji, nikajifanya mpita njia, nikatega sikio kusikia wanasema nini juu ya kuta zangu. Nina majivuno, nakiri mapema.

Mithika alikuwa na sheria moja tu kwangu. Nyumba ya kikaragosi isifanane na nyumba ya mtu. Kikaragosi, alisema, kinaruhusiwa kusema lolote kwa sababu si mtoto wa mtu wala hakina boma. Ukikipa boma la mtu, watu wataacha kukisikiliza na kuanza kumtafuta mwenye boma. Niliivunja sheria hiyo mara moja, miaka ya mwanzo, katika mchezo wa mwuza vitunguu mwenye mizani ya uongo. Nilichora kibanda chenye mwavuli wa njano uliotiwa weusi na moshi, nikiwa nimeuona kweli sokoni Gakoromone. Tulipocheza pale, mama mwenye mwavuli alitufukuza na beseni hadi barabarani, huku soko zima likishangilia. Tulicheka mwezi mzima, na mimi nikaamini nimejifunza.

Mwaka jana chakula kilianza kumkwama Mithika kooni. Kwanza ilikuwa nyama, kisha githeri ya mahindi na maharagwe, kisha hata uji ukagoma kushuka. Huku kwetu mtu akisema chakula kinamkwama, wanaomsikiliza hutazamana tu, kwa sababu ugonjwa huo tumeuzika mara nyingi. Kufikia mwezi wa nane alikuwa analishwa kwa mrija wa tumboni na sauti yake imebaki mnong'ono. Sauti ile, jamani, iliyokuwa ikitoa mzee, mtoto, mbuzi na askari katika dakika moja! Daktari mmoja mkweli alimwambia hakuna la kukata wala la kuchoma tena. Akamwandikia dawa ya maumivu na kumwambia aende akakae na watu wake.

Nilipanda Timau kumwona. Baridi ya kule haina adabu, inakuingia mfukoni kama mwizi. Nilimkuta nje, amejifunika blanketi mbili, ametazama shamba la ngano lililoteremka mbele ya boma lake. Alinishika mkono akanivuta karibu ili nisikie.

"Fundi, nataka tucheze moja ya mwisho."

"Ya nini?"

"Mzee anakufa. Kwa nyumba yake, kwa kitanda yake. Hakuna kukimbizwa mahali. Anakufa tu, na watu wake wako hapo."

"Huo ni mchezo gani sasa, Mwalimu? Watu watalala."

Alicheka bila sauti, mabega tu. Kisha akageuka kuangalia mlango wa jikoni, mahali ambapo mke wake Karimi alikuwa akiosha vyombo, na akaniambia jambo ambalo kwa miaka hamsini na mbili niliyoishi na Wameru nilikuwa nimelisikia bila kulielewa.

Zamani, alisema, mgonjwa aliyekatiwa tamaa hakuachwa afie ndani. Alitolewa nje, porini, akawashiwa moto, akakaa na mtu mmoja mpaka mwisho. Nyumba ikifiwa ndani ilihamwa. Siku hizi kila mtu ni Mkristo na hakuna anayekubali kwamba anaogopa jambo hilo. Lakini nyumba ni za mawe na mabati, haziwezi kuhamwa. Kwa hiyo anahamishwa mgonjwa.

"Hospitali ndio pori yetu," alinong'ona. "Ukiona wanasema wakupeleke ukaongezewe maji, jua wanakutoa nje."

Kaka yake, Mzee Mutwiri, alikuwa ameshauliza gari. Karimi hakuwa amesema ndiyo wala hapana. Alikuwa mtu wa kuogopa kimyakimya, na Mithika hakutaka kumlazimisha, kwa sababu ni yeye atakayebaki analala katika chumba kile. Alitaka Karimi aone kwanza. Aone kwa macho kwamba mtu anaweza kufia kitandani na nyumba ikabaki nyumba. Maneno alikuwa hana tena ya kumwambia, na siku zote yeye aliamini vikaragosi kuliko maneno.

"Utanijengea?"

"Nitakujengea," nilisema, na machozi yakanitoka, nikaisingizia baridi.

Tulifanya mpango wote pale pale, kwa kalamu yangu ya seremala na mgongo wa bahasha ya picha zake za eksirei. Tatizo letu lilikuwa hili: kikaragosi hakijui kufa. Ukitoa mkono kinaanguka kama soksi, na watoto wanacheka. Mzee yule asianguke. Basi kwenye mchoro kitanda nikakiinua, nikakitoboa chini, ili mkono wa Mithika uingie kwenye mgongo wa mzee akiwa amelala. Mkono utatoka polepole sana, kidole baada ya kidole, na kifua kitashuka chenyewe. Hakuna mwanga kuzimwa, hakuna ngoma. Mke wa mzee, ambaye ni mkono wa Purity, atakuja na kumfunika, kisha atafungua dirisha, atachukua ufagio na kufagia chumba kile kile. Hapo ndipo mwisho. Mithika alitaka ufagio uwe na sauti.

"Na nyumba?" niliuliza.

"Nyumba tu," alisema. "Ya mtu yeyote."

Nikaitikia kwa kichwa. Wallahi niliitikia.

Nikarudi Majengo nikajenga nyumba ya mtu yeyote. Ukuta wa kijivu, mlango wa hudhurungi, dirisha. Niliimaliza kwa siku nne, nikaisimamisha kwenye meza ya kiwanda changu, nikaitazama. Ilikuwa kama picha kwenye karatasi ya kliniki. Nikajiuliza: rafiki yangu anakufa, hii ndiyo kazi ya mwisho mkono wake utafanya, na mimi niuingize mkono huo ndani ya kitu hiki? Nilikasirika sana. Nilikasirikia ugonjwa, lakini ugonjwa hauna uso wa kupiga kofi, nikaipiga nyumba. Ilipasuka katikati.

Nikampigia simu Kiunga, mtoto wao wa kwanza, anitumie picha za boma kwa siri, kwamba ninamwandalia babake zawadi. Alinitumia kumi na mbili. Nikaanza upya. Niliweka mlango wa kijani wenye mkwaruzo wa pikipiki. Niliweka paa la mabati lenye bati moja jekundu upande wa kushoto, pale waliporekebisha baada ya mvua ya mawe. Tangi jeusi, na kamba ya nguo iliyofungwa kwenye mti wa mgrevilea. Ukuta wa mbele niliutia bawaba, ufunguke na kuonyesha chumba cha kulala. Ndani kulikuwa na kitanda cha mbao chenye vichwa viwili vilivyochongwa, kalenda ya kanisa, na hata kile kiti ambacho Karimi huweka shali yake. Kwa dirisha, Kiunga alinipatia kipande cha pazia lenyewe, kilichobaki fundi alipolishona. Kitambaa kile kile chenye maua ya zambarau. Sikuwahi kufanya kazi nzuri kama ile. Kila nikimaliza swala ya alfajiri nilikwenda kuitazama kama mtu aliyeoa juzi.

Mwanatatu aliingia kiwandani na chai, akasimama mbele yake muda mrefu.

"Hii si kwa Mithika?"

"Ni kwake."

"Na mwenye nyumba umemuuliza, Baba Safiya?"

"Mwenye nyumba ndiye aliyeniagiza."

"Mwenye nyumba ni mwanamke," alisema, akaweka chai akaondoka.

Nilimjibu peke yangu, kwa sauti, kwamba wanawake hawajui sanaa. Kwetu Majengo mtu hufia ndani, huoshwa ndani, na jirani wanajaa humo humo mpaka hakuna pa kuweka mguu. Siku ya tatu watoto wanacheza pale alipolazwa. Niliona ajabu mtu kuogopa chumba. Nilichosikia Timau nilikuwa nimekisikia kwa masikio ya nyumbani kwangu.

Tulicheza Jumamosi alasiri, uwanjani kwa Mithika. Walikuja watu wa jumuia yao, majirani na ukoo, kama arobaini hivi, wakakaa kwenye viti vya plastiki na blanketi magotini. Karimi alikaa mbele, kando ya Mzee Mutwiri. Nilileta nyumba ikiwa imefunikwa shuka, nikaisimamisha, kisha nikaenda nyuma ya pazia alikokuwa Mithika ameketi kwenye kiti, mkono umeshavaa kikaragosi. Niliinua shuka upande wake ili awe wa kwanza kuona.

Aliitazama. Macho yake yalitembea kutoka kwenye bati jekundu hadi mlangoni, hadi kwenye pazia. Mdomo ukafunguka. Akanishika ukosi wa shati akanivuta, midomo ikawa inasema kitu, lakini nje watu walikuwa wakiimba pambio la kufungulia na sikusikia hata neno moja. Machozi yalikuwa yakimtoka. Nikambusu kichwani. Nikasema, "Usijali, Mwalimu, umestahili," nikaenda zangu kukaa nyuma ya watazamaji kungoja sifa.

Shuka lilipotoka, zilikuja. "Ni kwa Mwalimu!" mtoto alipiga kelele, na watu wakacheka, wakanyoosheana vidole: tangi lile, ile bati, angalia kamba ya Mama Kiunga! Hata Mzee Mutwiri alitabasamu. Karimi hakucheka. Alikuwa amegeuza shingo kuangalia nyumba yake halisi, pale kando, kisha akaangalia yangu, kisha yake tena.

Kikaragosi cha mzee kilitoka mlangoni kikakohoa. Purity alikuwa akisema sauti zote mbili, ya mzee na ya mke wake. Mzee alisalimia jirani, akalalamikia bei ya mbolea, watu wakacheka vizuri. Halafu akasema amechoka, anaingia ndani kulala. Nikaona ukuta unafunguka kwa bawaba zangu, bila hata kukwaruza.

Kicheko kilikatika hapo hapo. Chumba kile hakuna mgeni aliyekuwa amekiona. Mke wa mtu, kitanda chake, shali yake kitini, pazia lake la zambarau linapepea kwa upepo wa kweli. Na mzee anapanda kitandani kufa.

Mwanamke mmoja alisema kwa Kimeru, kwa sauti ya chini, "Wamemwekea kifo ndani."

"Funga hio kitu," alisema Mzee Mutwiri.

Purity aliendelea kusema. Mzee kitandani aliinua kifua, akakishusha, akakiinua. Nilijua mkono wa nani unapumua mle. Karimi alisimama. Alitembea mpaka kwenye jukwaa, hakupayuka, hakumtazama mtu. Akaushika ukuta wangu wa mbele kwa mikono miwili na kuufunga. Akasimama ameushikilia hivyo, mgongo kwetu, kama mtu anayezuia mlango usisukumwe kutoka ndani.

Mzee yule hakufa siku ile. Hakuna aliyeona ufagio.

Jumatatu gari la Mutwiri lilikuja. Walimpeleka hospitali moja ya mjini, akaongezewe maji.

Nilimtembelea siku ya tano. Wodi ilikuwa imejaa, kitanda chake kikiwa karibu na ukuta, na dirisha lililokuwepo lilitazama ukuta mwingine. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima ya kuomba msamaha. Nilipomwona alivyobaki, hotuba ilinikauka, nikawa nasema tu, "Mwalimu, nimekosa. Mwalimu, nimekosa." Alinyoosha mkono kuomba kalamu. Ilimchukua muda mrefu kuandika, kwa herufi za ubaoni zilizokuwa zikianguka upande. *Ilikuwa nzuri. Nzuri kupita kiasi.* Hakuandika kingine. Hakuwa mtu wa kumdanganya mwanafunzi.

Alifariki siku ya tisa, asubuhi, wakati wa kubadilisha zamu. Kiunga alikuwa amekwenda kununua maji. Aliporudi alikuta wameshavuta pazia la kijani kuzunguka kitanda. Kwa hiyo alikufa peke yake, mtu ambaye hakuna mtoto Timau asiyemjua. Ninaliandika bila kulipamba kwa sababu ndivyo lilivyokuwa.

Mwili ulipotoka mochari haukuingia ndani. Jeneza liliwekwa uwanjani chini ya hema, kwenye viti viwili, hatua kumi kutoka mlango wa kijani. Watu wakaimba, wakasoma historia yake, wakamzika nyuma ya mahindi. Mimi nilisimama mbali na hakuna aliyenisemesha. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Kabla ya mwezi kwisha, Karimi alikuja Majengo. Niliona kivuli mlangoni, nikainua kichwa, nikasimama haraka hata kopo la rangi likamwagika. Alikuwa peke yake, amevaa nguo ya kufiwa na sweta ya mume wake. Alisema amekuja kuandikisha msalaba, kwa sababu ule wa mazishi uliandikwa haraka na mvua imeufuta. Nilimpa kiti. Nikatoa msalaba wa mkangazi niliokuwa nimeuweka, nikaanza kuupiga msasa ili mikono ipate kazi.

"Mama Kiunga," nilisema, "nisamehe. Nilitaka aende kwa kitu kizuri."

"Najua, Fundi." Alikuwa anatazama sakafu. "Unajua Ijumaa nilikuwa nimemwambia sawa?"

"Ijumaa gani?"

"Ile ya kabla mlete hio nyumba. Asubuhi nilikuwa nampa uji na mrija, nikamwambia, baba, hutaenda. Utakaa hapa na mimi. Nikatandika kitanda na shiti mpya. Alilala hio siku bila dawa, unajua? Bila dawa. Nikasema mchezo ikiisha Jumamosi nitaambia Mutwiri aache kutafuta gari."

Msasa ulisimama mkononi mwangu.

"Halafu nikaona," alisema. "Sasa nilikuwa naingia hio chumba na naona ile ingine. Nikitandika, naona nikitandika ile. Nikaogopa sana. Nikasema siwezi. Yeye hakunikataza. Aliniangalia tu wakimbeba."

Nje mtu alikuwa anapiga kelele za kuuza maharagwe, na nilimchukia kwa kuwa hai na kuwa na shughuli.

Aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, "Nyinyi watu wa huku, mtu akifia ndani, mnafanya nini na hio chumba?"

"Hatufanyi kitu. Mama yangu alifia hapo, nyuma ya ukuta huu. Tulimuosha hapo. Usiku ule ule tulilala hapo, kwa sababu hatukuwa na chumba kingine."

"Mkalala?"

"Tulilala, Mama Kiunga. Mimi nililala upande wake."

Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. Macho yake hayakuwa na hasira, na ningeshukuru kama yangekuwa nayo.

"Si ungekuja tu uniambie hivyo," alisema. "Maneno tu, Fundi. Ningesikia."

Alikaa mpaka nilipomaliza kuandika jina. Kisha akaniomba tarakimu za tarehe ziwe kubwa kidogo, kwa kuwa macho yake siku hizi hayaoni vizuri, nikazifuta nikaziandika tena.